Makumbusho ya Ziwa Edouard: jengo lifanane na nani?

Siku hizi, kila watu wa utamaduni wanapokutana, wazo la makumbusho linarudi: tujenge nyumba ya kuchunga vitu vya zamani, tena nyumba isiyoharibu mazingira. Wazo ni zuri. Lakini likiletwa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi upande wa kusini wa Ziwa Edouard, ndani kabisa ya Parke ya Virunga, heri tulipime kwanza. Nyumba kufanana na udongo ni jambo moja. Kufanana na watu wa mahali ni jambo lingine.

Mfano unaotajwa sana uko ngambo ya volkano, Kinigi, inchini Rwanda. Kituo cha Dian Fossey Gorilla Fund, kilichochorwa na MASS Design Group, kilifunguliwa mwaka wa 2022. Kuta zake ni za mawe ya volkano, mapaa yamefunikwa na majani, maji machafu yanasafishwa katika madimbwi yenye mimea, na miche zaidi ya 250,000 ya asili ya mahali ilipandwa pale palipokuwa mashamba. Tunasifu kazi hiyo bila wivu. Mawe yale hata sisi tunayajua: kisha moto wa Nyiragongo wa mwaka wa 2002, watu wa Goma waliyageuza kuwa misingi na viambaza vya nyumba zao.

Hata hivyo tuko na lawama moja. Ukirudisha msitu juu ya shamba, unaweza kurudisha pia kimya. Mgeni anajifunza habari za gorila na za mtafiti aliyefungua Karisoke mwaka wa 1967, lakini majani yale juu ya paa hayamwambii kama jembe lilipita hapo. Kumbe kujichanganya na mazingira kunaweza kuwa namna ya kujificha.

Kwa Vitshumbi hatari hiyo ni kubwa zaidi. Parke iliundwa na wakoloni mwaka wa 1925, ikaandikwa katika urizi wa dunia wa UNESCO mwaka wa 1979. Katikati ya hapo, watu wengi waliokaa katika eneo lake waliondolewa. Kwa hiyo uwanda wa Rwindi unaoitwa "wa asili", majani matupu bila moshi wa jiko, ni kazi ya sheria pia, siyo ya mvua peke yake. Wavuvi walibaki kwa ruhusa, chini ya shirika la uvuvi lililoitwa COPILE, kisha COPEVI, bila haki ya kulima. Makumbusho ikijificha chini ya majani hapo, kama vile watu hawakuwepo, itafanana na kibao cha parke, haitafanana na inchi.

Na udongo wenyewe unasema kinyume. Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwani, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka wa 1950 ule mfupa wenye alama zilizopangwa katika mistari mitatu, wa miaka kama 20,000. Vyusa vya mfupa vilionekana hapo pia, na huko Katanda, kando ya Semliki, vingine vilipimwa kuwa vya miaka kama 90,000. Hatusemi wavuvi wa leo ni wajukuu wa watu wale. Tunasema tu: mtu na samaki wamekuwa pamoja huku mbele ya parke yoyote. Mfupa wenyewe uko Brussels. Basi mchoro wowote wa makumbusho uanze na swali hili: mfupa ule utarudi lini, na utakaa kwa nani?

Tuje kwenye ujenzi. Vitshumbi siyo Kinigi. Ni uwanda wa chini, kuna joto, kuna mchanga. Kupakia mawe ya volkano kwenye kamio toka Goma, zaidi ya kilometa mia moja, ili jengo lionekane "la asili", ni kujidanganya. Manjanja nayo yanachoma kama sufuria. Nyasi na matete ni vizuri, lakini ni mali ya parke. Bila mapatano na ICCN, fundi wa kuezeka anageuka mwizi. Kuni za kukausha samaki tayari ni ugomvi. Basi mapatano ya kukata matete kwa zamu ni sehemu ya ujenzi, sawa na nguzo. Nyumba iwe ndogo, upepo upite, baraza litazame mwalo, pasiwe ukuta kati yake na mitumbwi.

Tena tuangalie Kasubi, Uganda. Makaburi ya wafalme wa Buganda yaliungua mwaka wa 2010, na mwaka wa 2023 yalitolewa katika orodha ya urizi ulio hatarini. Pesa zilisaidia, lakini pesa haziezeki nyasi: kuna ukoo wa Ngeye, wenye kazi hiyo tangu zamani. Kudumu kwa jengo kuko mikononi mwa watu. Vitshumbi mikono hiyo ni ya watengeneza nyavu, ya mafundi wa mitumbwi, ya mama wanaotia samaki chumvi.

Wengine watauliza: makumbusho wakati wa vita? Ni kweli, M23 iliingia Vitshumbi mwezi wa 3 mwaka wa 2024, na jengo kubwa wakati kama huu ni chakula cha waporaji. Lakini wazee hawangoji amani ili wafe. Miaka ya 1970 viboko vya parke vilikuwa zaidi ya 20,000; mwaka wa 2005 havikufika hata 1,000. Mavi ya viboko hulisha ziwa, na ziwa hulisha samaki. Nani atasimulia namna maji yalivyokuwa, kama siyo yule aliyetupa nyavu wakati ule?

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: kazi ianze bila ukuta. Yaandikwe majina ya mialo, aina za nyavu, miiko ya ziwa, na majina ya vijiji vilivyohamishwa. Hapo mchoraji akija, atakuta kitu cha kufunika paa.