Stiki na Kitambaa

Kwa miaka mingi barabara ya Tanga kwenda Pangani, inayopita Kigombe katikati ya mkonge na bahari, ilikuwa ya vumbi na mawe, na barabara hiyo ndiyo iliyowasomesha mafundi na madereva wa huku. Jiwe moja likigonga sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili huvuja kidogo kidogo, na mwenye gari hana habari mpaka taa nyekundu imuwakie kwenye dashibodi. Nawasifu wanaopata habari kabla ya taa.

Watu wengi huamini taa ile yenye picha ya kopo la oili hupima wingi wa oili. Katika magari mengi haipimi wingi, inapima presha. Ukifungua swichi taa huwaka. Injini ikiunguruma, pampu inasukuma oili, presha inapanda, taa inazimika. Ikiwaka safarini, maana yake oili haifiki inakotakiwa, na kranki inaanza kusugua metali, yaani beringi zake, chuma kwa chuma. Hapo huna muda wa kutafuta kivuli. Unaegesha pembeni na kuzima. Anayesema “nisogee kidogo mpaka Tongoni” huenda akaishia kuchonga kranki kwa sababu ya lita moja au mbili za oili.

Ndiyo maana napenda kumtazama fundi mzuri akipima. Analiweka gari mahali tambarare, anazima, anasubiri dakika kadhaa oili iteremke kwenye sampu. Anavuta stiki ya kupimia oili, anaifuta kwa kitambaa, anairudisha mpaka mwisho, ndipo anaivuta tena na kuisoma. Mvuto wa kwanza hauamini hata kidogo, kwa kuwa oili imeshatapakaa juu ya stiki. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwa gari dogo, ni kama lita moja hivi. Lakini yeye haishii kwenye alama. Anasugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada kusikiliza chenga. Ananusa kama kuna petroli. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, anajua maji yameingia, na gasketi inakuwa ya kwanza kushukiwa. Kisha anainama kutazama mchanga chini ya gari, halafu anauliza: “Bosi, moshi wake una rangi gani?” Ukisema wa buluu, anafikiria ringi zilizochoka; gari linakula oili bila kudondosha hata tone.

Na akiambiwa taa humeta kwenye kona au ukifunga breki kisha inazimika, hakimbilii kubadilisha swichi ya presha. Oili ikiwa kidogo hukimbilia upande mmoja wa sampu, pampu ikavuta hewa. Kujua hilo bila mashine yoyote ya kompyuta ni elimu kubwa, na naiheshimu kama elimu. Vilevile anajua kukataa. Mteja akitaka oili ijazwe kupita alama ya juu, “ikae muda mrefu”, fundi anamzuia, kwa sababu kranki itaipiga mpaka itoe povu, na povu halishiki presha.

Wavuvi wa Kigombe wenye mashine za boti zinazochanganyiwa oili kwenye petroli wanaishi na nidhamu hiyo hiyo. Mchanganyiko wanaupima wakiwa bado nchi kavu, kwa kipimo, na hauchanganywi kwa haraka, kwani mashine ikikwama nje ya mwamba hakuna pa kuegesha.

Kinachoniuma ni malipo. Fundi akifungua injini iliyokufa analipwa, tena vizuri. Akivuta stiki, akafuta, akakuambia “hii iko sawa, nenda”, wengi hutoa shukrani tu na kuondoka. Mimi naona kupima nako ni kazi, na inastahili bei yake.