Mrehani Uliodumu Uani

Katika nyua za nyumba kongwe za Lamu, Mombasa na Unguja mrehani ulikuwa haukosekani. Ulipandwa pembeni mwa kisima au katika chungu kilichomeguka mdomo, vilele vyake vikachumwa alasiri na kufungwa pamoja na asumini na mkadi kuwa vikuba vya kuvaliwa na wanawake usiku, na haukupita muda mmea ule ule ukawa umechipua tena. Mtoto aliyeukuta uani alikua, akaoa, akazaa, na mrehani ungalipo. Ajabu ya jambo hili ni kwamba mmea wenyewe, ambao Linnaeus aliuandika katika elimu ya mimea mwaka 1753 kwa jina la Ocimum basilicum, una umri mfupi: aghalabu huota, huchanua, huzaa mbegu na kufa katika muda wa mwaka mmoja au zaidi kidogo. Leo watu wengi hununua mche wenye afya sokoni, wakaupeleka nyumbani kwa furaha, na kabla ya miezi miwili kwisha wakabaki na kijiti kikavu. Nataka kuchambua yaliyokuwa yakifanyika katika nyua zile, kwani naamini kuwa sehemu kubwa ya siri ilikuwa katika uchumaji wenyewe, na wachumaji walilitimiza sharti la mmea huku nia yao ikiwa manukato tu.

Atakaye kuelewa hayo na autazame mche wa mrehani kwa karibu. Shina lake lina pembe nne, mfano wa jamaa zake nanaa na kivumbasi. Majani hutoka mawili mawili yakielekeana, na kila jozi imekingama juu ya ile iliyo chini yake. Katika kwapa la kila jani, pale kikonyo kinapokutana na shina, pana kijicho kidogo cha kijani kilicholala. Kinachoyalaza macho hayo ni ncha ya shina, ambayo huteremsha homoni iitwayo auksini, na maadamu ncha ipo, nguvu nyingi za mmea huelekea juu. Ncha ikikatwa, amri ile hukoma, na macho mawili ya jozi iliyo chini ya mkato huamka pamoja. Palipokuwa na tawi moja huwa mawili, na hayo yakikatwa huwa manne. Ndiyo sababu mrehani uliochumwa mara kwa mara ulikuwa kichaka kipana, na ule ulioonewa huruma ukarefuka, ukakonda, ukainamia dirisha.

Mkato wa kwanza hufaa mche unapofika sentimita 15 hivi, wenye jozi tatu au nne za majani, nao hupitishwa juu kidogo ya jozi ya pili kutoka chini, karibu nayo lakini pasipo kuyagusa macho. Baada ya hapo huchumwa kila matawi mapya yanapopata jozi mbili au tatu, wala haifai kuondoa zaidi ya theluthi ya mmea kwa siku moja. Tabia iliyoenea ni kuchuma majani makubwa ya chini, moja moja, na kukiacha kilele kwa kuwa kinapendeza macho. Hiyo ni dhuluma mara mbili, maana majani yale makubwa ndiyo yanayoulisha mmea, na kilele kilichoachwa ndicho kitakachotoa maua.

Maua nayo yana hukumu yake. Mrehani ukishachanua na kuanza kutunga mbegu, shina lake hugeuka mti mtupu, na majani mapya huwa madogo na machache, kwa kuwa chakula kingi hupelekwa kwenye uzao. Mfunga vikuba, aliyependa vilele vyenye maua machanga, alikuwa akiziondoa mbegu kabla hazijatungwa. Na mmea ulionyimwa uzao leo ulijaribu tena kesho kwa matawi mapya. Mpishi wa siku hizi, ambaye hana haja ya kikuba, sharti afanye kwa makusudi yale ambayo zamani yalifanywa na desturi.

Sababu ya pili ya vifo ni maji, tena si uhaba wake. Mizizi huvuta pumzi. Udongo wa chungu ukijaa maji katika vijitundu vyake vyote, hewa hutoweka, mizizi huoza, na mizizi iliyooza haiwezi kupandisha maji hata ikiwa imezama ndani yake. Hapo majani hulegea, mwenye nyumba hudhani ni kiu, akaongeza kata nyingine, na mkono wa huruma ukakamilisha mauti. Kabla ya kumwagilia, na atie kidole udongoni hadi pingili ya kwanza: kikitoka kikavu, amwagilie mpaka maji yatoke chini, kikitoka na udongo ulionata, aache. Saa njema ni asubuhi, na maji yaelekezwe shinani, majani yasilale yakiwa yameloa. Chungu cha udongo chenye upana wa sentimita 20 hutosha mmea mmoja, nacho hupitisha hewa ubavuni. Kopo la maziwa au debe lililokatwa hufaa vivyo hivyo, mradi litobolewe chini na kisahani chake kisiachwe kimejaa.

Hapa niongeze jambo linaloihusu pwani hususa. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na mrehani hauyapendi. Kingo za majani hukauka zikawa kahawia, na watu husingizia jua. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora. Kadhalika makumbi ya nazi, ambayo yakichambuliwa huulegeza udongo vizuri sana, huenda yakawa yalifukiwa ufukweni ili yasokotwe kamba, basi yaoshwe kwa maji baridi mara kadhaa kabla ya kuchanganywa na mboji. Samadi iwe iliyooza barabara, tena kwa kiasi, kwani mrehani ulioshibishwa mno hunenepa majani na kupungua harufu.

Harufu yenyewe hukaa katika vifuko vidogo mno vya mafuta juu ya ngozi ya jani, ndiyo maana hutosha kuupapasa mmea ili ua mzima unukie. Miongoni mwa mafuta hayo mna eujenoli, ile ile inayoipa karafuu ya Pemba ukali wake, na jua ndilo linaloyakuza; kwa hiyo mmea upate jua la saa sita au zaidi kwa siku, jambo gumu katika nyumba za vichochoro vyembamba, ambako dari na roshani hufaa kuliko ukumbi. Baridi ni adui. Nairobi, iliyoinuka zaidi ya mita 1,600, huwa na usiku wa Julai unaokaribia nyuzi 10 za Selsiasi, na mrehani ulioachwa nje huweka madoa meusi. Yale yale huyapata majani yatiwayo ndani ya jokofu, ilhali katika glasi ya maji juu ya meza yangekaa siku nyingi.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi ni ubwiri vinyoya, usababishwao na kimelea kiitwacho Peronospora belbahrii. Habari zake za kwanza ziliandikwa Uganda katika miaka ya 1930, kisha ukasahauliwa mpaka ulipozuka Uswisi mwaka 2001 na Florida, Marekani, mwaka 2007. Jani hupauka kuwa manjano baina ya mishipa, na wengi hudhani mmea una njaa wakauongezea mbolea. Lakini ukiligeuza jani asubuhi utaona chini yake vumbi la rangi ya kijivu na zambarau. Mmea wa namna hiyo ung'olewe na kuteketezwa. Kinga yake ni nafasi, upepo na majani makavu, mambo ambayo masika huyafanya kuwa adimu.

Hata mrehani uliotunzwa vyema huzeeka, nao hurithiwa kabla ya kuzeeka. Hukatwa tawi changa lisilo na maua, la sentimita 10, likaondolewa majani ya chini na kutiwa katika glasi ya maji yanayobadilishwa kila baada ya siku mbili; baada ya wiki moja au mbili huonekana mizizi myeupe, nalo huatikwa. Njia nyingine ni mbegu, zile nyeusi ambazo zikiloa huvimba na kuvaa utandu wa utelezi, kama anywaye faluda anavyozijua. Humwagwa juu ya udongo laini, zikafunikwa kwa vumbi lisilofika nusu sentimita, na kwa joto la pwani huchomoza ndani ya wiki moja hivi. Ila penye mirehani ya namna mbili katika ua mmoja nyuki huichanganya, na miche itokayo hapo huenda isinukie kama mama yao. Mwenye mrehani ambao harufu yake anaipenda hasa na ategemee tawi.