Mkono wa Kulia Kwenye Sinia

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo akimwomba mgonjwa aandae chai, ujue hana kiu. Anataka kuona. Mgonjwa amekumbuka kutia maji kabla ya kuwasha jiko? Sufuria ameishika kwa mkono upi, na ule mwingine ulikuwa unafanya nini? Kopo la majani liko kushoto mwa meza. Ameliona, au anahangaika kulitafuta nalo liko karibu na kiwiko chake? Chai ilipofoka, alishtuka au aliitazama tu ikimwagika? Picha ya ubongo inaonyesha mahali palipoharibika. Haisemi kama mama huyu anaweza kuachwa peke yake na jiko la mkaa na mjukuu wa miaka miwili. Kikombe cha chai kinasema.

Fani hii haina umaarufu kwetu. Daktari wa upasuaji tunamjua, mkunga tunamjua, na mtaalamu wa fiziotherapia siku hizi anajulikana kwa sababu ya wachezaji mpira. Huyu mwingine watu humwona wodini na vifungo, vijiko na makopo yake, wakadhani amekuja kumchezesha mgonjwa. Kazi yake ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake: kuvaa, kula, kuoga, kwenda chooni, kupika, kulima, kusoma, kukaa gengeni kwake. Mwenzake wa fiziotherapia atashughulika na nguvu ya goti. Yeye atauliza goti hilo linakwenda kuchuchumaa kwenye choo cha namna gani.

Machi 1917, watu wachache walikutana katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, wakaunda chama cha kwanza cha fani hii nchini Marekani. Mwenyeji wao, George Barton, alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu, akakatwa vidole vya mguu, kisha upande wake wa kushoto ukapooza. Alijiinua kwa kulima bustani na kuchonga mbao. Napenda kukumbuka kwamba miongoni mwa waasisi alikuwamo mgonjwa. Si ajabu basi kwamba fani hii ilizaliwa na mazoea ya kumuuliza mgonjwa anataka kurudia nini maishani mwake, na swali hilo ndilo linaloleta vigugumizi vyote.

Mwaka 1983 Joan Rogers, mmoja wa walimu wakubwa wa fani hii huko Marekani, alitoa mhadhara ambao wanafunzi wanausoma hadi leo. Aliwakumbusha wenzake kwamba mbele ya kila mgonjwa yako maswali matatu: hali yake ikoje, yapi yanawezekana kufanyika, na katika hayo lipi linapaswa kufanyika. La kwanza unalijibu kwa vipimo. La tatu hakuna kipimo kinacholijibu. Vyuo vina tabia ya kufundisha maadili kama somo la pembeni, lenye mtihani wake na kanuni zake za kukariri. Rogers aliyaingiza ndani ya hesabu za kila siku za matibabu. Baada yake, mwanaanthropolojia Cheryl Mattingly na mwenzake Maureen Fleming walikaa na wataalamu katika hospitali moja ya Boston wakichunguza jinsi wanavyofikiri kazini, na mwaka 1994 wakatoa kitabu. Waliona kwamba mtaalamu mzoefu hupita njia kadhaa kwa wakati mmoja: anawaza ugonjwa na hatua za tiba, anamsoma mtu aliye mbele yake, na anayapima maisha ya mtu huyo, yalivyokuwa na yanavyoweza kuja kuwa.

Tuyalete hayo mkekani.

Chukua mzee wa Tanga, umri wake miaka 70 hivi, aliyepata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wake wa kulia umelala na maneno yanamtoka kwa shida. (Simsemi mtu fulani, wazee wa namna hii wamejaa Pwani nzima.) Mkono uliopooza hurejea kwa kasi zaidi katika wiki na miezi ya mwanzo. Miezi ikipita vidole havijafunga, mtaalamu anajua kwamba uwezekano wa kushika tonge umepungua sana. Vitabu vina jibu lao: ufundishe mkono wa kushoto. Tandika kitambaa kibichi chini ya bakuli lisiteleze, tafuta bakuli lenye kingo za kuegemezea kijiko, na haitapita muda mrefu atakula mwenyewe.

Mzee hataki. Kijiko kikiwekwa kushoto anafumba mdomo na kugeukia ukutani. Kwenye jalada inaandikwa kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano. Ningekuwa na madaraka ningepiga marufuku sentensi hiyo, maana ikishaandikwa hakuna anayeuliza tena.

Mtaalamu wa pupa ataona suala ni dini, amwite shehe aje kueleza kwamba mwenye udhuru hana lawama. Lakini huenda mzee huyu amesomesha madrasa ujana wake wote, na hilo la udhuru analijua kuliko yeyote wodini. Mtaalamu hodari anatanguliza shikamoo, anakaa chini badala ya kusimama juu ya kichwa cha mgonjwa, na anakubali kwamba mazungumzo ya mtu anayetafuta maneno yanaweza kuchukua siku kadhaa. Ndipo jambo lenyewe linapojitokeza. Akiwa peke yake chumbani, mzee angekula kwa kushoto. Asichoweza ni kuupeleka mkono anaojisafishia chooni kwenye sinia ya pilau, Ijumaa baada ya swala, mbele ya wanawe na wakwe zake. Anaona kinyaa kwa niaba yao.

Hapo tiba yote inageuka. Kula mwenyewe ni lengo moja, na kukaa kwenye sinia na watu wako ni lengo jingine kabisa. Vifaa vyake ni vingine na mazoezi yake ni mengine. Sahani yake inaweza kuwekwa kwenye mkeka uleule, bega kwa bega na sinia, ale kwa kijiko. Au mkono wa kushoto ujifunze kuubeba wa kulia: mjukuu anafinyanga tonge, kijiko chenye mpini ulionenepeshwa kwa mpira wa baiskeli kinafungwa kiganjani, na kinachofika mdomoni ni mkono wa kulia hata kama nguvu imetoka kwa mwenzake. Au mwanawe wa kwanza amlishe, kama yeye alivyomlisha utotoni, na mkekani pasiwe na aliyeaibika.

Njia hiyo ya mwisho itamkwaza aliyesomea vitabu vya ng'ambo, ambavyo vimemfundisha kwamba heshima ya mtu ni kujitegemea. Michael Iwama, mtaalamu wa Kanada mwenye asili ya Japani, aliupinga msimamo huo waziwazi, na katika kitabu chake cha mwaka 2006 alitetea tiba inayoanza na jamii ambamo mtu hajitenganishi na waliomzunguka. Sisi tunaosoma hoja hiyo huku Pwani tunatikisa vichwa kukubali. Ni yetu kabisa.

Ila tusiikumbatie kwa upofu. Mzee akilishwa, kuna anayelisha. Mara nyingi ni mkewe, naye ana miaka yake 60 na zaidi na mgongo unaomuuma, au ni binti aliyeacha biashara yake kwa sababu kaka zake wako mbali. Kumnyanyua mzee, kumwogesha, kumvisha, kumlisha, asubuhi hadi usiku: hiyo ndiyo gharama ya utu wa mzee, na analipa mwingine. Mbele za watu mama atasema hana neno, ni mume wake. Kwa hiyo mtaalamu anayeijua kazi yake hutafuta nafasi ya kuzungumza naye pembeni, mama akiosha vyombo uani, na hulipa neno lake uzito uleule aliolipa la mzee. Hakuna fomu iliyomwelekeza kufanya hivyo.

Upande wa pili wa upendo huo ni haraka. Kuvaa shati kwa mkono mmoja kuna kanuni yake: mkono mgonjwa huingia kwanza, na wakati wa kuvua hutoka mwisho. Mzee anaweka shati mapajani, kola ikielekea magotini, anausukuma mkono uliolala ndani ya mkono wa shati hadi uvuke kiwiko, anavuta kitambaa nyuma ya shingo, kisha mkono mzima unafuata. Robo saa nzima. Mwanawe angemaliza kwa dakika moja, na kumtazama baba akihangaika namna hiyo kunamchoma. Huenda hata akamvuta ule mkono uliopooza ili amsaidie, jambo ambalo linaweza kuliumiza bega lisilo na misuli ya kulishikilia. Mtaalamu anamzuia kijana, na anajizuia mwenyewe. Mgeni akiingia wakati huo angeona watu wawili wazima wamekaa wanamtazama mgonjwa akitoka jasho, angewaita wakatili.

Na kuna siku ingekuwa ukatili kweli. Mzee akimaliza nguvu zake zote kwenye vifungo vya shati asibakiwe na za kufika msikitini, basi na avishwe, nguvu hizo azitumie kutembea. Nani anajua ni siku ipi? Hilo mtaalamu hulipima upya kila asubuhi anapomwona anavyopumua.

Nimekaa sana na mzee kwa sababu kwake matakwa ya mgonjwa yanashinda. Yako mahali ambapo hayashindi. Dereva wa lori amepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo. Miguu imerudi, mikono imerudi, anatembea kama wewe. Anakuja kliniki kuomba barua ya kumrudisha kazini. Tajiri wake amempa mwezi mmoja na ada za watoto zinadaiwa. Mtaalamu anampa karatasi iliyojaa herufi na kumwambia akate A zote. Anazikata upesi, kwa kujiamini, na kurudisha karatasi. Zile za ukingo wa kushoto hajazigusa hata moja, wala hajui kwamba zipo. Macho yake hayana ubaya wowote. Ni ubongo uliokoma kuujali upande huo. Huko kushoto barabarani ndiko waliko waendao kwa miguu na watoto wa shule.

Barua hiyo haiandikwi, na mimi sioni nafasi ya kubishana. Huruma kwa wanawe wanne haiwezi kulipwa na mtoto wa mwenzake. Lakini ustadi unaonekana baada ya neno hapana. Mtaalamu mvivu anaishia hapo. Mwingine anamwonyesha dereva ile karatasi ili aone mwenyewe, anamfundisha kugeuza kichwa kushoto kwa makusudi hadi iwe mazoea, anampangia kupimwa tena, na wanakubaliana kitakachoelezwa kwa tajiri: kwamba kwa sasa hajawa tayari kuendesha, ila anaweza kusimamia upakiaji bohari chini ya uangalizi. Mengine yote kuhusu ubongo wake ni siri yake.

Kisha kuna mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo, ambaye swali lake ni moja: atatembea lini? Mtaalamu anajua dalili za kuangalia, mojawapo ikiwa kama mtoto ameweza kukaa bila kushikwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Wa mama huyu ana minne na bado anaanguka kama gunia. Kumwambia atatembea ni uongo, na kumtupia ukweli wote kwa pigo moja huenda kukamfanya asirudi tena. Wakati mtaalamu anatafuta maneno, macho yake yako kwenye bakuli la uji: mtoto amelazwa chali mapajani, kichwa kimeanguka nyuma, kila kijiko kinafuatwa na kikohozi. Uji unaelekea kwenye mapafu. Hilo haliwezi kungoja. Anamwinua mtoto, anamkunja nyonga na magoti, nyayo zinakanyaga, kidevu kinashuka kidogo, na anampa mama kijiko ajaribu mwenyewe. Kiti cha kumkalisha hivyo kinaweza kutengenezwa kwa maboksi na karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa gundi ya unga, mbinu iliyokuzwa Zimbabwe na kuenea kwingineko Afrika. Swali la kutembea litajibiwa kidogo kidogo, huku mtoto ananenepa.

Wataalamu hawa tunao, ingawa hawatoshi. Tanzania wanafundishwa KCMC Moshi, Kenya kwenye vyuo vya KMTC, na Kenya imetunga sheria ya mwaka 2014 inayosimamia mafunzo, usajili na leseni zao. Basi, msomaji, ukiwa na mgonjwa wa kiharusi nyumbani, ulizia hospitali ya mkoa au ya kaunti kama wana mtaalamu wa tiba kwa vitendo, umfikishe kwake mapema, wala usingoje mkono ukakamae. Akikuuliza mzee hulala kitanda cha urefu gani, hukaa na nani wakati wa kula, na chooni huingia vipi, usimwone mdaku. Mjibu kweli.