Uzi Mgeni Usibebeshwe Mzigo

Wafumaji wa Mtwara wameanza kuulizana kama uzi wa pamba uliochanganywa na sufu ya alpaka unafaa kwa watu wa pwani kama sisi wa Shangani. Jibu langu linaanzia Sofala, bandari ya kale kusini mwetu, miaka mia tano iliyopita. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika kitabu chake mnamo 1516, anaeleza kazi ya mafundi Waislamu wa bandari ile. Pamba walikuwa nayo tele, na nguo nyeupe walifuma kwa wingi, lakini rangi hawakuwa nayo. Basi walichukua nguo za buluu na za rangi nyingine zilizoletwa na vyombo kutoka Cambay, kule Gujarat, wakazifumua, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Nguo iliyotoka hapo iliwaletea dhahabu nyingi.

Barbosa anadhani walifanya hivyo kwa sababu hawakujua kutia rangi, au walikosa dawa zake. Huenda. Lakini anayeshika uzi kila siku ataona kwamba njia waliyoichagua ni ngumu kuliko kutia rangi. Uzi uliokwisha kufumwa mara moja hubaki na mikunjo ya kazi ya kwanza, hulegea msokoto, na kila unapokatika hupungua urefu. Kwenye kitanda cha mfumi, mtande, yaani nyuzi za urefu, ndio unaoteseka: huvutwa tangu kazi inaanza mpaka inaisha, tena husuguliwa kila mshindio, yaani uzi wa upana, unapopigwa. Ukiuweka uzi mchovu hapo, utakuwa unafunga mafundo kutwa. Mshindio, kwa upande wake, hupita na kulala. Kwa hesabu hiyo ya ufundi, pamba mpya ya nyumbani ndiyo iliyofaa kubeba nguo, na uzi wa Cambay kazi yake ilikuwa rangi tu.

Kwa nini pamba? Kwa sababu pwani hii haikuwa na sufu. Mreno Francisco de Almeida alipoishambulia Kilwa Julai 1505, mmoja wa waliosafiri naye aliandika kwamba pamba nzuri ilikuwa ikilimwa kisiwani, na kwamba manyoya ya kondoo wa pale hayakuwa bora kuliko ya mbuzi. Kondoo wetu ni wale wale hadi leo. Wachimbuzi wa mambo ya kale, akiwemo Neville Chittick, walikuta Kilwa vipande vya vyungu vilivyochongwa vikawa duara na kutobolewa katikati. Kipande kama hicho huchomekwa kwenye kijiti, nacho huzungusha kijiti wakati pamba inasokotwa. Ni kifaa kidogo sana, lakini uzito wake ndio unaoamua unene wa uzi: kizito huhitaji uzi mnene wa kukihimili, na chepesi huruhusu uzi mwembamba.

Upande wa pili wa mdomo wa Ruvuma, kama kilomita 200 kusini kwetu, watu wa visiwa vya Kirimba walipata rangi kwa njia nyingine. Mmea wa nili uliota kwao, na nguo zao za buluu zilipata sifa kiasi kwamba Wareno waliviita visiwa hivyo Maluane, jina lile lile la nguo. Padri João dos Santos, aliyekaa huko katika miaka ya 1590, aliitaja kazi hiyo katika kitabu chake cha 1609. Nili ina tabia moja ambayo mfumaji wa uzi mchanganyiko anapaswa kuijua: inakamata kwenye pamba na kwenye manyoya pia. Dawa nyingi za rangi za viwandani haziko hivyo. Inayoshika pamba huenda isiishike sufu sawasawa, ndipo uzi unatoka na madoadoa. Tahadhari ni moja tu: maji ya nili huwa na magadi, na magadi makali huiharibu sufu.

Sasa alpaka mwenyewe. Ni mnyama wa jamii ya ngamia, anafugwa katika milima ya Andes, hasa Peru, kwenye baridi kali. Sufu yake ni nyororo, haina mafuta mengi kama ya kondoo, na hushika joto vizuri. Kasoro yake ni kwamba haina mnyumbuko. Ukiivuta inakwenda, na kurudi ni kwa shida. Pamba nayo haina mnyumbuko, na juu ya hapo ni nzito, hasa ikilowa. Kwa hiyo wanaofikiri kwamba kuchanganya viwili hivi kutawapa sweta linalobana mwili wanajidanganya. Wataanza na sweta la kiunoni na baada ya kufua mara chache litakuwa limefika mapajani, mikono nayo imeufunika mkono mzima hadi vidoleni.

Mtandio ni habari tofauti. Mtandio unatakiwa uanguke, ulale begani, ufuate mwili. Kulegea kule kule kunakoharibu sweta ndiko kunakoutengeneza mtandio. Jioni za Juni na Julai, kusi likivuma kutoka baharini, asilimia ndogo ya alpaka inatosha kabisa. Uzi ambao nusu yake ni alpaka ni wa Njombe au Makete, si wa Shangani.

Viwanda vingine vina ufumbuzi unaonifurahisha sana, maana unarudia akili ya Sofala. Pamba hufumwa kama mrija mwembamba wenye matundu, kisha sufu ya alpaka hupulizwa ndani yake. Mrija ndio unaovutwa na sindano. Sufu imekaa ndani bila kubeba chochote, na uzi unakuwa mnene bila kuwa mzito.

Asiyeweza kuagiza uzi kama huo atafute kwenye mitumba. Soma lebo ya sweta, kisha ligeuze utazame mishono ya ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine ya overloki, liache, maana kila mstari utatoka kipande kipande. Kingo zikiwa nzima, anza kufumua pale sweta lilipofungwa mwisho, kwa kawaida mabegani. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali kadhaa usijivuruge, uloweke katika maji baridi bila kuusugua, uuanike kivulini. Usifume kabla mikunjo haijanyooka, kwani vitanzi havitalingana.

Fuma kwanza kipande cha majaribio, kioshe, kikaushe, ndipo ukipime. Mtandio wenyewe ukiulowesha, usiutundike kwenye kamba: maji yaliyo ndani ya pamba yatauvuta wote chini. Utandaze juu ya mkeka. Na pindo zote nne zifume kwa pamba tupu, mpya, isiyowahi kufumuliwa, kwa sababu pindo ndizo zinazoshikwa, kuvutwa na kufungwa fundo kila siku.