Mgonjwa kama Msimulizi: Uhakiki wa Barua za Tiba, kutoka Lausanne hadi Kayna

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuigawa barua mafungu mawili: ile iliyomo ndani ya riwaya, ambayo tunaihesabu kuwa mbinu ya kisanaa, na ile ya kawaida, ambayo tunawaachia wanahistoria. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo unatupotezea utanzu mmoja wenye uzito, nao ni barua ya mgonjwa kwa tabibu asiyemwona.

Utanzu huu ulistawi Ulaya katika karne ya 18. William Cullen (1710-1790), profesa wa tiba mjini Edinburgh, alitibu wagonjwa wengi kwa barua. Zimehifadhiwa zaidi ya 5,000, alizopokea na alizojibu. Tangu mwaka 1781 majibu yake aliyanakili kwa mashine iliyobuniwa na James Watt. Samuel-Auguste Tissot (1728-1797) wa Lausanne, katika kitabu chake Avis au peuple sur sa santé cha mwaka 1761, aliorodhesha hata maswali ambayo mgonjwa hana budi kuyajibu anapomwendea tabibu.

Kifani, barua hizi zina sifa moja kuu: kwa kuwa mkono wa tabibu haukuweza kumgusa mgonjwa, maneno yalisimama mahali pa mwili. Mgonjwa ndiye aliyeamua maradhi yake yaanzie wapi, kwenye homa ya juzi au kwenye msiba wa miaka kumi iliyopita. Maswali ya Tissot yalijaribu kuutia usimulizi huo mipaka. Kisha Laennec alibuni kifaa cha kusikilizia kifua mwaka 1816, na hatua kwa hatua tabibu akajifunza kuusikiliza mwili zaidi kuliko mwenye mwili. Hata hivyo tusiutukuze utanzu huu kupita kiasi. Walioandika wenyewe walikuwa hasa watu wenye elimu na mali. Wengine waliandikiwa na mume, paroko au mpasuaji wa kijijini, na sauti yao ilitufikia ikiwa imekwisha chujwa.

Je, kwetu? Barua ya Kiswahili, kama zile za hati za Kiarabu alizozichapisha C. G. Büttner mwaka 1892, ina adabu zake, na adabu mojawapo iliyoenea ni mwandishi kutangaza kwanza kuwa yeye ni mzima, hofu ni juu ya anayeandikiwa. Hapo pana mgogoro wa kisanaa unaostahili kuchunguzwa: mgonjwa anayeandika analazimika ama kusema uongo wa heshima katika mstari wa kwanza, ama kuivunja kanuni ya utanzu. Aidha, pwani inajua tiba isiyohitaji mgonjwa awepo. Mtaalamu wa falaki hukokotoa nyota kwa jina la mgonjwa na la mama yake tu, na mjumbe akarudi na hirizi. Lakini katika tiba hiyo mgonjwa ni jina, si msimulizi.

Tuje Kayna, katika eneo la Lubero, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Butembo. Mgonjwa wa kituo cha afya kijijini akizidiwa, hupelekwa hospitali kuu akiwa na barua ya rufaa. Kwa nje barua hii inafanana na zile za Cullen: inasafiri, inaeleza maradhi, inaomba shauri. Kwa ndani ni kinyume chake. Imeandikwa kwa Kifaransa, nafsi ya tatu, na mganga kwa mganga mwenzake. Mwenye ugonjwa, ambaye nyumbani husema Kinande na sokoni Kiswahili, hubeba mfukoni hadithi yake mwenyewe asiyoweza kuisoma.

Hili si suala la fani peke yake. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walifariki, wengi wao katika maeneo ya Beni, Butembo na jirani zake. Watafiti wa lugha waliofika huko mwaka 2019 walikuta maelezo ya Kifaransa, na hata ya Kiswahili sanifu, ambayo wenyeji hawakuyaelewa barabara. Asiyesemeshwa kwa lugha yake huona vigumu kuamini, na asiyeamini huuficha ugonjwa. Vita navyo vilipoifikia Kayna mwishoni mwa Juni 2024, ilidhihirika tena kwamba umbali kati ya mgonjwa na tabibu haupimwi kwa kilomita tu.

Hatudai kwamba barua ya rufaa iwe riwaya. Ufupi wake huokoa maisha, na Kifaransa chake humfikia daktari aliyetoka Kinshasa. Tunachodai ni kidogo: chini ya maandishi ya mganga uachwe mstari mmoja wa maneno ya mgonjwa, kwa lugha yake, kama alivyoyatamka. Wanafunzi wetu nao wazikusanye barua za wagonjwa, kwa idhini yao na kwa kuficha majina, wazisome kwa makini yale yale wanayoyatumia kwa tenzi. Maana mgonjwa ndiye aliyekuwapo maradhi yalipoanza, na hakuna msimulizi mwingine anayeweza kushika nafasi hiyo.