Walikubali au waliridhia? Kasoro ya maneno katika mjadala wa makala ya chai ya Kericho

TAREHE 20 Februari 2023, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilipeperusha makala ya upekuzi kuhusu mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Makala hayo, kazi ya vitengo vya Panorama na Africa Eye, yalipewa kichwa “Sex for Work: The True Cost of Our Tea”. Zaidi ya wanawake 70 walisimulia jinsi wasimamizi walivyowadai ngono ili wapate au wasipoteze kazi, katika mashamba ambayo kwa miaka mingi yaliendeshwa na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Unilever ilikuwa imeshauza biashara yake ya chai makala yalipopeperushwa. Kampuni husika zilisema zimeshtuka, zikawasimamisha kazi baadhi ya waliohusishwa na kuahidi uchunguzi. Hapa nyumbani suala hilo lilifika Bunge la Taifa, likakabidhiwa kamati.

Hayo ya kampuni na Bunge yamejadiliwa. Leo safu hii ina hoja ya lugha: maneno tuliyoyatumia sisi watazamaji baada ya kuzima runinga. Nashikilia kwamba Kiswahili chetu cha kila siku, cha magazetini na cha redioni, kiliwaangusha wanawake wale mara ya pili, ilhali lugha hiyohiyo ina maneno ambayo yangewatetea.

Tuanze na swali linalofuata kila kisa cha aina hii: “Kwani walilazimishwa? Si walikubali?” Atakayeuliza hivyo huenda si mtu mbaya. Amebebwa na kitenzi. “Kukubali” ni neno pana mno. Mtu hukubali mwaliko, hukubali kosa, hukubali kushindwa, hukubali bei ya mnunuzi mmoja kwa kuwa mwingine hayupo. Neno lenyewe halisemi lolote kuhusu moyo wa anayekubali. Ndiyo maana wahenga walituachia nahau ya “kukubali shingo upande”. Mtu amekubali, ndiyo, lakini shingo yake inaeleza kile ambacho kinywa hakikuweza kusema.

“Kuridhia” ni neno jingine. Asili yake ni Kiarabu, sawa na “radhi” na “ridhaa”, na msingi wake ni kutosheka kwa moyo. Huwezi kuridhia shingo upande. Maneno hayo yanapingana. Anayeridhia alikuwa na uwezo wa kukataa bila kuumia.

Tofauti hii si ya walimu wa lugha peke yao. Imo katika sheria za Kenya. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, kifungu cha 42, inasema ridhaa ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Kifungu cha 43 kinahesabu matumizi mabaya ya mamlaka kuwa miongoni mwa hali za kulazimisha, iwapo yanamfanya mtu ashindwe kuonyesha kwamba hataki. Kifungu cha 23 nacho kinamlenga mwenye mamlaka anayeshikilia kumtaka mtu kingono ilhali anajua hatakiwi. Kwa hiyo swali la “si walikubali?” lilijibiwa na Bunge miaka 17 kabla ya makala kupeperushwa. Swali linalofaa ni hili: je, waliridhia? Na angeridhia vipi mtu ambaye akikataa leo, kesho hana kibarua?

Anayesema “wangeacha kazi tu” hana budi kuutazama uchumi wa eneo lenyewe. Kuanzia Kericho mjini hadi Konoin na Sotik upande wa Bomet, chai ndiyo ajira iliyo karibu zaidi kwa watu wengi wasio na vyeti. Wengi wa wafanyakazi hao huishi katika nyumba za kampuni ndani ya shamba, kwa hiyo kupoteza kazi ni kupoteza paa pia. Tena ajira yenyewe inapungua. Mei 2023, miezi mitatu tu baada ya makala, waandamanaji waliteketeza mashine za kuvunia chai huko Kericho, wakidai kuwa zinawanyang’anya kazi. Wengi wetu tulitazama moshi ule kama habari tofauti kabisa, kumbe ni kisa kimoja. Kadiri nafasi za kazi zinavyopungua, ndivyo anayezigawa anavyozidi kuwa na nguvu juu ya anayezitafuta.

Sasa tugeukie magazeti na redio, pamoja na jumba hili letu la habari. Tumezoea kuandika “dhuluma za kimapenzi”, “alimdhulumu kimapenzi”. Hebu yatenganishe maneno hayo mawili uyatazame. “Dhuluma” ni neno zito, ni kumnyima mtu haki yake. “Kimapenzi” latokana na kupenda. Tumechukua uovu tukaufunga kwa kitambaa cha mapenzi. Mwizi akikuvunjia nyumba hatusemi amekudhulumu kiurafiki. Iweje msimamizi anayemfungia mfanyakazi chumbani aelezwe kwa neno linalotumiwa katika kadi za harusi? Neno “kingono” lipo na linaeleweka. Tena ni sahihi, kwa kuwa linataja namna ya kosa bila kumsingizia yeyote mapenzi.

Sarufi nayo ina makosa yake. Tunaandika “walishiriki mapenzi”, “walifanya mapenzi”, “wakajamiiana”. Katika sentensi hizo kiima ni wingi: wao, wote wawili, sawasawa. Kiambishi -an- cha kutendana kinagawa tendo nusu kwa nusu. Watu hupendana, husaidiana, hupigana, kila mmoja mtenda na mtendwa. Ukiandika kwamba msimamizi na mchumaji “walijamiiana”, umeshatoa hukumu kabla ya hakimu kuketi. Andika “alimwingilia kwa nguvu” na sarufi itarudisha kila mtu mahali pake: mtenda ni mmoja, mtendwa ni mmoja, na nguvu imetajwa.

Kauli ya kutendwa nayo ina hila zake. “Wanawake 70 wadhulumiwa.” Na nani? Kichwa cha habari hakisemi. Wahasiriwa wamehesabiwa, wahusika wameyeyuka kama mvuke wa kikombe. Kauli ya kutendeka ni mbaya zaidi: “maovu yaliyotendeka mashambani”. Hapo hakuna mtu kabisa. Ni kama maovu yaliota yenyewe katikati ya michai.

Najua nitakayojibiwa: huko ni kukosa adabu. Taarifa ya saa moja jioni hutazamwa na baba, mama mkwe na watoto wakiwa sebule moja, na Kiswahili ni lugha ya stara. Tafsida si unafiki, ni heshima. Nakubaliana na hilo, na naliridhia. Lakini tafsida ni za aina mbili. Kuna inayomstahi msikilizaji na kuna inayomsitiri mkosaji. “Kumwingilia kwa nguvu” ni tafsida. Mtoto mdogo hataelewa, mkubwa ataelewa, na mtenda amebaki wazi. “Dhuluma ya kimapenzi” na “kushiriki mapenzi” pia ni tafsida, ila hizo zimemfunika aliyepaswa kuonekana. Kipimo ni chepesi: baada ya tafsida yako, je, mtenda bado anajulikana? Je, nguvu au vitisho bado vinaonekana? Jibu likiwa la, hiyo si stara tena, ni maficho.

Kipimo hicho hakikiachi salama hata kitenzi “kunajisi”, tunachokitumia mahakama inaposhughulikia kosa dhidi ya mtoto aliye chini ya miaka 18. Najisi ni uchafu. Aliyetendewa ndiye anayebaki na doa la neno hilo, ilhali mtenda anatoka msafi. Lawama hii Kiswahili kinagawana na Kiingereza cha sheria, ambacho neno lake kwa kosa hilo pia lina maana ya kuchafua. Tulitafsiri kwa uaminifu, tukatafsiri na kosa lake.

Makala yenyewe pia hayana budi kupimwa. Kichwa chake, kikitafsiriwa “ngono kwa kazi”, kina kasoro ileile ya kutendana. Kihusishi “kwa” hapo ni cha sokoni: mali kwa mali, kila mtu anatoa na kupokea. Na hiyo “chai yetu” ni ya nani? Kimilikishi “-etu” katika Kiswahili hakituambii kama msikilizaji amejumuishwa au la, sawa na kile cha Kiingereza. Kwa mtazamaji wa London, “yetu” ni ya wanywaji. Kwa mtazamaji wa Litein, “yetu” ni ya walioipanda na kuichuma.

Kisha kuna muundo wake. Sehemu iliyowashika watazamaji zaidi ni ile ya mwanahabari aliyepewa jina la Katy, aliyejifanya anatafuta kazi. Aliitwa hotelini kwa kile alichodhani ni usaili, mwajiri akambana dirishani na kumtaka avue nguo. Ni sehemu ya kukata pumzi, imepangwa kama tamthilia ya uhalifu: kamera ya siri, mlango, windo, mwindaji. Watayarishaji waliokuwa karibu walihisi hatari wakamsaidia kuondoka salama. Mtazamaji anashusha pumzi, kana kwamba kisa kimekwisha. Hapo ndipo uzuri wa utayarishaji unapogeuka kuwa udhaifu wa hoja. Mchumaji wa kawaida hana kikosi kinachomsubiri nje ya mlango. Kisa cha Katy kina mwisho, vyao havina. Mtazamaji aliyezoea tamthilia hukumbuka aliyenusurika akawasahau wale 70, kisha hushangaa kwa nini nao hawakuondoka.

Kuna mazoea mengine ya runinga yanayotuponza. Kwa miaka mingi Wakenya wametazama uhalifu na mahakama kupitia vichekesho kama “Vioja Mahakamani” cha KBC na “Inspekta Mwala” cha Citizen. Vimetuburudisha na vimekuza Kiswahili, hilo halina ubishi. Lakini ucheshi wa Kenya kwa jumla hutegemea sana lafudhi, na ya Wakalenjin haijasazwa. Katika lugha za Kikalenjin, tofauti ya p na b, t na d, k na g haitofautishi maana kama ilivyo katika Kiswahili. Kwa hiyo “kupaka” na “kubaka” yanaweza kusikika karibu sawa kinywani mwa Mkipsigis. Mchekeshaji ataona kichekesho hapo. Fikiria basi mama anayesimama mbele ya afisa wa polisi, au mbele ya kamera, na neno la kwanza analohitaji kulitamka ni hilohilo ambalo masikio yamefunzwa kulicheka. Masikio ndiyo yanayohitaji kurekebishwa. Muktadha unatosha kabisa kumwelewa.

Jambo hili lina uzito wa pekee mashambani kwa sababu Kiswahili ndicho lugha ya kazi huko. Tangu kilimo kikubwa cha chai kilipoanza Kericho katika miaka ya 1920, vibarua wametoka kwa Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya na wengineo, wakakutania katika Kiswahili. Amri hutolewa kwa Kiswahili, majani hupimwa kwa Kiswahili, vitisho hutamkwa kwa Kiswahili. Hata neno “mnyapara” lina historia ya mamlaka: wanyampara walikuwa viongozi wa makundi katika misafara ya Wanyamwezi kabla ya neno hilo kuhamia katika kazi za vibarua wa kikoloni. Siku hizi ni “supavaisa”. Jina limebadilika, daftari la kazi bado liko mkononi mwake.

Wenzetu wa Tanzania wamepiga hatua moja mbele yetu. Wao husema “rushwa ya ngono”, na sheria yao ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inatambua kosa hilo. Nguvu ya istilahi hiyo ni kwamba inaliondoa jambo katika mapenzi na kuliweka katika matumizi mabaya ya cheo. Kwetu Kenya, anayedai hongo husema anataka “chai”. Katika kaunti zinazoilisha dunia chai, huhitaji mfano mwingine. Ila hata “rushwa” ina mpaka wake: mtoa rushwa naye huhesabiwa mkosaji, na wanawake hawa hawakumhonga mtu. Walinyang’anywa. Neno hilo lamfaa anayedai, lisimvute anayedaiwa.

Basi kwa wahariri, watangazaji na walimu, ombi langu ni dogo. Andikeni “dhuluma za kingono”, acheni “za kimapenzi”. Mtajeni mtenda katika sentensi ileile inayomtaja mtendwa, kwa cheo chake ikiwa jina haliruhusiwi. Kauli ya kutendana waachieni wanaopendana. Na nyie watazamaji wenzangu, makala mengine ya aina hii yatakapokuja na mtu akauliza kama wanawake hao hawakukubali, msikimbilie kumgombeza. Mwulizeni alimaanisha kukubali kupi.