Gari la Mwaka Mmoja

Ifikapo Septemba, katika karakana za vyuo vikuu vingi vya Ulaya utakuta gari la mbio limesimama, zima, limefutwa vumbi, limetoka kushindana wiki chache tu zilizopita, na hakuna anayeliandalia msimu ujao. Litaonyeshwa kwa wafadhili na kufundishia wanachama wapya, lakini mashindano basi. Pembeni yake vijana wa miaka ishirini na ushei wameshaanza kubishana juu ya gari jingine.

Mashindano yenyewe ni Formula Student, ambayo Marekani yanaitwa Formula SAE. Yalianzia Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uingereza ikayapokea mwaka 1998, na Ujerumani ikaanzisha ya kwake mwaka 2006 katika uwanja wa Hockenheim. Wanafunzi husanifu gari dogo la kiti kimoja lenye magurudumu nje ya bodi, hulitengeneza, huliendesha wenyewe, kisha hulitetea mbele ya wahandisi waliobobea. Alama zote ni 1,000. Ninayapenda mashindano haya, na mwendo wa magari si sababu kubwa. Kinachonivuta ni jinsi ufundi mgumu unavyokuzwa na watu ambao wengi wao watakuwa wameondoka baada ya mwaka mmoja au miwili.

Tazama tundu la hewa. Timu inayotumia petroli kwa kawaida huchukua injini ya pikipiki, mara nyingi ya silinda nne na cc 600 hivi, ingawa kanuni zinaruhusu hadi cc 710. Ikiwa kwenye pikipiki yake, injini hiyo huvuta hewa itakavyo. Hapa kanuni zinaamuru hewa yote ipite kwenye tundu moja la mviringo lenye kipenyo cha milimita 20, upana wa kidole gumba. Injini ikizidi kukimbia, hewa katika tundu hilo hufikia mwendo wa sauti, na ikishafika hapo hakuna nyongeza tena. Vuta utakavyovuta, kinachopita ni gramu 70 na kidogo kwa sekunde, basi.

Sasa fundi afanye nini? Tundu haliwezi kupanuliwa, kwa hiyo anageukia umbo la njia yenyewe. Kabla ya tundu, bomba hubanwa kwa haraka kiasi. Baada ya tundu hupanuliwa polepole sana, kwa pembe ya nyuzi chache tu, maana hewa ikipanuliwa ghafla huachana na ukuta wa bomba, huanza kuzunguka ovyo, na shinikizo lililotakiwa kurudi hupotea. Mwanafunzi huchora umbo hilo, hulijaribu kwenye kompyuta, hulichapa kwa printa ya 3D, kisha hukaa na msasa laini akisugua ndani hadi kidole kisihisi mkwaruzo wowote. Akimaliza anakutana na swali jingine: kasha la hewa linalofuata liwe na ukubwa gani? Likiwa kubwa mno, dereva anakanyaga mafuta na injini inachelewa kuitikia. Likiwa dogo mno, silinda zinanyang'anyana hewa. Mtu anaweza kumaliza miezi mitatu kwenye sehemu hii moja, ambayo mtazamaji uwanjani hataiona kabisa.

Mabishano ya Oktoba na Novemba ni ya namna hiyo kwa kila sehemu ya gari. Wa mfumo wa magurudumu anataka nafasi ya kufunga mikono ya magurudumu, wa injini anaitaka nafasi hiyo hiyo kwa ekzosi, wa bodi anataka wote wawili wasogee. Inabidi mmoja akubali gari lake la ndotoni lipungue ili gari la timu liwepo. Januari hufika na mtihani wa kuwania nafasi, ambapo timu hujibu kwa haraka maswali ya kanuni na uhandisi, na anayezubaa hukosa kiingilio cha mashindano makubwa. Unapita upesi, na kazi ya mikono inaanza.

Kwa timu nyingi zenye uwezo, kazi hiyo ni ya nyuzi za kaboni. Kitambaa huja kikiwa kimeshalowekwa gundi maalumu na hutunzwa kwenye friza, kwa sababu katika joto la kawaida gundi huanza kukomaa yenyewe. Wanafunzi hukikata kwa vipande vyenye namba, kila kimoja na mwelekeo wake wa nyuzi: kimoja kunyooka na urefu wa gari, kingine kukatiza, kingine kwenda mshazari kwa nyuzi 45. Nyuzi hubeba mzigo kwa upande zilikolala tu, hivyo mpangilio huo ndio nguvu ya bodi. Kila tabaka hulazwa ndani ya kalibu kwa mkono, hubonyezwa kwenye kona kwa kipande cha plastiki, na hewa iliyonaswa hufukuzwa taratibu kuelekea ukingoni. Katikati ya matabaka huwekwa aluminiamu yenye vyumba vidogo kama sega la nyuki. Kisha kila kitu hufungwa kwenye mfuko, hewa hunyonywa, na bodi huokwa. Kipovu kilichosahauliwa kwenye kona hakitengenezeki tena baada ya hapo. Ndiyo maana utawaona wamekaa kimya wakipapasa kona moja kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine angeona ni lazima.

Zürich, Uswisi, ufundi huu umefikishwa mbali. Timu ya AMZ ilianzishwa na wanafunzi wa chuo cha ETH mwaka 2006, na mwaka 2010 ikageukia umeme. Magari yake hupewa majina ya milima na mapito ya milimani. Kila gurudumu lina mota yake, na kompyuta huligawia kila moja nguvu kulingana na mshiko wake barabarani. Mwaka 2016 gari lao liitwalo grimsel lilitoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa katika sekunde 1.513. Wanafunzi wa Stuttgart wakaishusha rekodi hadi 1.461 mwaka 2022. Mwaka uliofuata, huko Dübendorf, gari la Zürich liitwalo mythen lilitumia sekunde 0.956, ndani ya mita 12.3 tu, Kate Maggetti akiwa kwenye usukani. Gari lina kilo 140 hivi. Wakati wa kuondoka uzito wa gari peke yake hautoshi kukandamiza tairi chini kiasi kinachotakiwa, kwa hiyo wanafunzi waliliwekea feni za kunyonya hewa iliyo chini yake ili ligande kwenye lami hata kabla halijatembea.

Rekodi husomwa na wengi. Wachache hutazama ukaguzi wa Hockenheim, ambao kwangu unapendeza zaidi. Gari hulazwa upande kwa nyuzi 60, na halitakiwi kudondosha hata tone. Gari la umeme humwagiwa maji kama ya mvua kuona kama umeme utavuja. Dereva aliyefungwa mikanda yote lazima atoke nje ndani ya sekunde 5. Halafu breki: gari likimbie, breki ikanyagwe, magurudumu yote manne yagande. Matatu yakiganda na moja likazunguka, rudi karakanani.

Mwisho kuna mbio ndefu za kilomita 22, zenye alama nyingi kuliko jaribio lolote. Katikati dereva hubadilishwa, gari huzimwa, kisha huwashwa tena. Magari mengi mazuri hukomea hapo hapo. Waya uliobanwa vibaya mwezi Machi, nati iliyokazwa na mtu aliyechoka, huja kujidhihirisha Agosti mbele ya watu wote.

Hata hivyo jaribio ninaloliheshimu kuliko yote ni lile la usanifu. Gari limesimama, wanafunzi wamelizunguka, na jaji anaonyesha mkono mmoja wa gurudumu na kuuliza kwa nini una kipenyo hicho. Kusema tulikuta mwaka jana wamefanya hivyo hakumsaidii mtu. Wanafunzi wazuri hutoa vipimo, hesabu, vipande vilivyovunjwa kwa makusudi ili kujua nguvu yake, na hueleza pia walichokiacha na sababu yake. Hapo ndipo unapojua kama ujuzi umerithiwa kweli au umenakiliwa tu, na ndiyo faida ya kulazimika kuchora upya kila mwaka. Jaribio hilo lina alama 150 katika zile 1,000. Ni chache mno. Waandaaji wangeliongezea, hata kama itabidi zipunguzwe zile za mwendo.